Harakati za amani za Nairobi zinaweza kutuchorea jiji la haki, au tunazitumia kama pambo tu?

#1 MchoraRamani

Salaam, wanajamvi. Mipango mingi ya Nairobi huanza na idadi ya magari na kuishia na picha za majengo ya vioo. Naomba tuanzie kwingine. Jiji hili lina historia ndefu ya watu waliozuia dhuluma ya ardhi bila kushika silaha, na kisa kinachojulikana zaidi ni cha Uhuru Park. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU, kupitia kampuni ya gazeti lake la Kenya Times, kilitaka kujenga ndani ya bustani hiyo jumba la ghorofa 60 lenye maegesho ya magari 2,000 na sanamu kubwa ya Rais Moi. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, shirika la upandaji miti, walipinga kwa barua, kwa kesi mahakamani, na kwa kuwauliza wakubwa wa nje kama wangevumilia jengo la namna hiyo katikati ya Hyde Park ya London au Central Park ya New York. Bungeni walidhihakiwa kuwa kundi la wanawake walioachika, ofisi yao wakanyang'anywa, na mahakama ikaitupa kesi yao. Hata hivyo wafadhili walirudi nyuma, jengo likapunguzwa kimo kwenye karatasi, kisha mradi ukafa, na mwaka 1992 uzio ukaondolewa.

Dai langu ni kwamba sehemu kubwa ya nafasi za Nairobi ambamo mtu asiye na pesa anaweza kuketi bila kufukuzwa zimebaki kwa sababu kuna watu waliokataa. Ikiwa ndivyo, basi kukataa huko kunapaswa kuwa kigezo cha kazi kwa anayechora jiji, sawa na upana wa barabara au mteremko wa mtaro. Swali langu: kigezo hicho kingekuwa kipi hasa? Naomba tusiishie kwenye sanamu na majina ya barabara.

#2 Mkaazi_wa_Kaloleni

Ahsante kwa mada, ila umeianza hadithi katikati. Mwaka 1950 Nairobi ilipopewa hati ya kifalme ya kuwa jiji, Makhan Singh na Fred Kubai, kupitia shirikisho la vyama vya wafanyakazi walilokuwa wakiliongoza, waliwataka wafanyakazi wasusie sherehe hizo. Hoja yao ilikuwa kwamba kuna Nairobi mbili, ya matajiri na ya maskini, na kwamba maskini hawana cha kusherehekea. Mwezi Mei viongozi hao wawili walikamatwa na mgomo mkuu ukazuka. Miongoni mwa madai ya wagomaji, pamoja na kuachiliwa kwa viongozi wao na kima cha chini cha mshahara cha shilingi 100, yalikuwamo madai yanayohusu matumizi ya mji wenyewe: wafanyakazi waache kukamatwa usiku, na sheria ndogo za manispaa zilizowabana madereva wa teksi zifutwe.

Kwa hiyo kabla ya bustani palikuwa na suala la nani anaruhusiwa kuwa mjini, saa ngapi, na kwa kibali gani. Ramani ya kikoloni ilikuwa imegawa kila kitu, Wazungu magharibi na kaskazini kwenye vilima na hewa safi, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika mashariki kwenye tambarare ya udongo mweusi. Anayetaka kigezo cha haki aanze kwa kuuliza kama jengo au barabara yake inaufuta mstari huo au inaukoleza kwa lami mpya.

#3 Msomaji_Mzee

Na wewe, ndugu yangu wa Kaloleni, pia umechelewa. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku, mpinzani wa serikali ya kikoloni, aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea wanaume waliokuwa wakianza kuondoka, risasi zikafyatuliwa, na hesabu ya serikali yenyewe ikataja waliokufa kuwa 21. Leo barabara inayopita hapo inaitwa Harry Thuku. Nyanjiru ndiye aliyeuawa, lakini kibao cha barabara kina jina la mwanamume aliyekuwa amefungiwa ndani. Silalamiki juu ya Thuku. Nasema tu kwamba hata majina, ambayo mwanzisha uzi anataka tuyaache, bado hatujayafanya sawasawa.

#4 MtembeaKwaMiguu

Wazee mkimaliza kushindana kwa tarehe, mtuachie nafasi kidogo sisi tunaotembea.

Kigezo mimi ninacho. Harakati zote mlizozitaja zilifanywa kwa miguu, na sehemu kubwa ya safari za kila siku za Nairobi, takriban asilimia 40, hufanywa kwa miguu hadi leo. Mtu anayetoka Kibera kwenda Industrial Area alfajiri na mtu anayeandamana kuelekea katikati ya jiji wanahitaji kitu kilekile: njia pana iliyo bapa, inayoendelea bila kukatwa na maegesho wala mtaro ulio wazi. Kaunti ilitunga sera ya usafiri usio wa injini mwaka 2015, iliyotaka asilimia 20 ya fedha za barabara ziende kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ukitaka kujua thamani ya sera hiyo, jaribu kuvuka Thika Road ukiwa na mtoto mgongoni na daraja la juu liko mbali. Sihitaji mnara wowote wa kumbukumbu. Nipeni kivuko.

#5 Kijana_wa_Mukuru

Nakubaliana na #4 kuhusu miguu, lakini nadhani nyote mnatafuta kigezo mahali pasipo pake. Urithi wa harakati haumo katika umbo la kitu kilichojengwa, umo katika jinsi uamuzi unavyofikiwa. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, na kwa miaka miwili hivi ujenzi mpya ukasimamishwa ili mpango uandikwe. Tunazungumzia kaya zaidi ya 100,000 juu ya ardhi ambayo hatimiliki zake ziko mikononi mwa watu binafsi wasioishi hapo. Muungano wa Wanavijiji, ambao ulizaliwa mwaka 1996 kutokana na upinzani dhidi ya ubomoaji, ulitupanga kwa nyumba kumi kumi. Kumi kumi zikaunganishwa kuwa vikundi vya mia, na vikundi hivyo vikatuma wajumbe. Mashirika, vyuo na wataalamu walikuja na makundi yao ya maji, afya, elimu, fedha, sheria.

Jambo lililonifundisha zaidi ni ubishi wa barabara. Kwa vipimo vya kawaida vya upana, barabara za mpango zingemeza nyumba nyingi kuliko zitakazobaki. Katika mikutano yetu watu walilala juu ya ramani, kwa maana halisi, wakionyesha kwa kidole mlango wa nani utakatwa. Mwishowe tulikubaliana kwamba baadhi ya njia ziwe nyembamba kuliko kanuni, na baadhi ya mabomba ya maji taka yawe ya kipenyo kidogo, yenye kupita vichochoroni. Hakuna mchoraji aliyeketi ofisini ambaye angepata jibu hilo, kwa sababu kwake njia nyembamba ni kosa.

#6 Wakili_Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Kwa heshima, naona mnawapa wachoraji sifa isiyo yao. Kilichoiokoa ardhi ya umma mara nyingi kilikuwa hofu ya mnyakuzi kwamba hatimiliki yake itafutwa. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya mwaka 2004, ilikadiria kwamba takriban hatimiliki 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002, nyingi mno katika miaka ya mwisho wa kipindi hicho. Hakuna bustani nzuri inayoweza kushindana na karatasi mbaya. Harakati zilizaa sheria: kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinachoeleza ardhi ya umma ni ipi, na kifungu cha 37 kinachompa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani bila silaha. Katiba yenyewe ilitangazwa rasmi palepale Uhuru Park, tarehe 27 Agosti 2010. Mchoro huja baada ya sheria.

#7 Kijana_wa_Mukuru

Mheshimiwa Wakili, Katiba hiyo ilikuwa na umri wa miaka 11 mwishoni mwa 2021, tingatinga zilipoingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, makumi ya maelfu ya watu wakabaki wakilala kwenye vifusi na mahema. Eneo hilo lilikuwa limekwisha kutangazwa la mipango maalumu. Sheria tulikuwa nayo, mpango tulikuwa nao.

#8 Wakili_Mstaafu

Basi umeipiga hoja yangu na yako kwa jiwe moja.

#9 Bi_Zuhura_Ng'ambo

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Unguja, na nimeona mnavyogombania nani alitangulia. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, mitaa ya maskini ya mji wa Zanzibar, waligoma kulipa kodi ya viwanja kwa wenye ardhi, nyumba wamejijengea wenyewe lakini ardhi iliyo chini yake wakitozwa kila mwaka zaidi. Waliendelea mpaka serikali ikalazimika kuingilia kati na kodi hizo zikawekewa mipaka. Nalileta hili kwa sababu wakili anasema sheria hutangulia mchoro. Kwetu mgomo ulitangulia vyote viwili. Halafu baada ya mapinduzi yakaja majumba ya Michenzani, yaliyopangwa na wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki, barabara nyoofu na majengo marefu yakapita juu ya mitaa ileile iliyogoma, na sidhani kama kuna aliyefungua jalada la 1928 kabla ya kushika rula.

#10 Msomaji_Mzee

Waalaykum salaam, Bi Zuhura. Ahsante. Ila tukumbuke kwamba katika mgomo ule umati pia uliwatoa kwa nguvu wenzao waliokuwa wamefungwa. Nasema hivyo si kwa kuushusha, bali kwa sababu mwanzisha uzi ametumia maneno "bila kushika silaha" kana kwamba mpaka wake uko wazi. Hata kisa cha 1922 kina mambo mawili ndani yake.

#11 Bi_Zuhura_Ng'ambo

Kuwatoa jamaa zako jela bila bunduki sikuhesabu kuwa vita, mzee wangu. Lakini endeleeni na Nairobi yenu, sitaki kuugeuza uzi wa watu.

#12 Mama_Jeevanjee

Nashangaa kwamba tumefika chapisho la 12 na hakuna aliyetaja Jeevanjee Gardens. Bustani hiyo ilitolewa kwa wakazi wa mji na A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Mwaka 1991 ulikuja mpango wa kuichimba na kujenga maegesho na maduka, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani akiungwa mkono na Wangari Maathai na wakazi wengi. Mpango ukashindwa. Baadaye Bunge la Mwananchi likapata makao hapo, watu wa kawaida wakijadili bajeti na siasa chini ya miti, na wapita njia wakisimama kusikiliza.

Kwa maoni yangu, hiki ndicho kigezo bora kuliko Uhuru Park, kwa sababu Jeevanjee ni ndogo. Inazungukwa na maduka na ofisi pande zote, watu huikata katikati wakienda Moi Avenue, na mjadala huzaliwa kwa sababu mtu amekaa kwenye benchi akisubiri jua lipungue. Bustani kubwa huhitaji sababu ya kuiendea. Ninafanya kazi karibu na hapo na nimeona mara nyingi askari wa jiji wakiwafukuza wachuuzi wa njugu. Siku hizo mjadala nao hupoa, kwa maana mchuuzi ndiye anayemfanya mtu akae. Anayetaka kuchora haki na achore nafasi ndogo nyingi, azitie mabenchi yenye egemeo, choo safi na maji, kisha amwache mchuuzi.

#13 Fundi_Mitaro

Mimi ni mhandisi, kwa hiyo nitasema machache. Choo na maji katika bustani vina gharama ya kila siku, na gharama hiyo ndiyo inayoleta ada, na ada ndiyo inayoleta uzio. Angalieni Karura.

#14 MchoraRamani

Nashukuru, maana nilikuwa naisubiri Karura. Kwa wasioikumbuka: ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa jiji, ambao sehemu zake zilianza kugawiwa kwa siri katika miaka ya 1990. Januari 1999 Maathai na wenzake, wakiwamo wabunge, walikwenda kupanda mti langoni wakashambuliwa na kundi la vijana wenye silaha za jadi, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani wiki zilizofuata, na Agosti mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Huo ni ushindi usio na shaka.

#15 MtembeaKwaMiguu

Ni ushindi, naam, halafu ukazungushiwa uzio wa umeme na kuwekewa ada langoni. Wanaotoka Huruma ya kando ya Runda hufika kwa miguu, wanaotoka Eastlands hulipa nauli mbili na ada juu yake. Jumapili ukisimama kwenye maegesho utaona nani hasa amerithi damu ile. Siwalaumu walioweka uzio, kwa sababu kabla ya uzio watu waliogopa kuporwa na kubakwa humo, na wanawake wengi hawakuthubutu kuingia. Nasema tu kwamba msitu uliookolewa kwa jina la umma unaweza kuendeshwa vizuri sana na bado ukawa wa baadhi ya umma.

#16 Mama_Jeevanjee

Hapo nakupinga. Mimi ni mwanamke na nimekwenda Karura peke yangu, jambo ambalo nisingelifanya katika bustani nyingine nyingi za jiji hili ambazo ni bure. Uhuru wa kuingia usio na usalama ni uhuru wa wanaume. Waliokaa Uhuru Park mwaka 1992 kudai wafungwa wa kisiasa waachiliwe walikuwa wanawake. Tuulize wao wangehitaji nini.

#17 Mwanafunzi_wa_Ramani

Mimi ni mwanafunzi wa mipango miji, nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Je, Freedom Corner, ile kona ya Uhuru Park, haikupewa jina hilo wakati wa vita vya lile jumba la ghorofa 60? Ndivyo tulivyoelezwa darasani.

#18 Msomaji_Mzee

Hapana, mwanangu, na darasa lenu limefupisha mno. Jina lilitokana na mgomo wa kula. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wakiwa wazee kutoka vijijini, walipiga kambi kwenye kona hiyo wakidai watoto wao 52 waachiliwe. Maathai alikaa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi, Maathai akapigwa hadi akazimia, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila kijana aliyelelewa nyumbani aliielewa. Siku zilizofuata walihamia kanisa kuu la All Saints na wakaendelea na mkesha wao humo hadi mapema mwaka 1993, huku karibu wafungwa wote wakiwa wameachiliwa.

#19 MchoraRamani

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu chapisho la #18 lina mchoro ndani yake kwa yeyote anayezoea kusoma ramani. Kwanza, kona ile inaonekana. Inapakana na Uhuru Highway na Kenyatta Avenue, ambazo maelfu ya watu hupita kila saa. Mgomo wa kula uliofanywa mahali pasipoonekana ungekuwa mateso tu. Pili, iko karibu na mamlaka. Ng'ambo ya barabara limesimama Nyayo House, jumba la serikali ambalo katika ghorofa zake za chini watu waliteswa miaka ya 1980 kwa madai ya kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, na Bunge liko umbali wa kutembea. Tatu, na hili ndilo ambalo vitabu vyetu vya mipango havina, palikuwa na kimbilio jirani. Kama All Saints ingekuwa Westlands, mgomo ungekufa tarehe 3 Machi. Mama mwenye umri wa miaka 70 aliyepuliziwa gesi hawezi kutembea kilomita tano.

Kwa hiyo napendekeza vigezo vitatu kwa nafasi ya umma yenye haki: ionekane, iwe karibu na wenye maamuzi, na iwe na kimbilio ambalo serikali hailimiliki. Kanisa, msikiti, maktaba, hospitali ya kujitolea, lolote kati ya hayo.

#20 Fundi_Mitaro

Vigezo vizuri. Kile cha kwanza kimekwisha kuharibika. Barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumika 2022, inapita juu ya Uhuru Highway kando ya bustani hiyo. Wenye kulipa ushuru wake hupita juu kwa kasi. Walio chini hutazama nguzo.

#21 Mkaazi_wa_Kaloleni

Kwa haki, tuseme pia kwamba mwaka 2019 ilipojulikana kuwa barabara hiyo ingekata kipande cha Uhuru Park, kelele zilipigwa na serikali ikaahidi kuiacha bustani. Na Novemba 2020 mti mkubwa wa mugumo kwenye Waiyaki Way, wenye umri wa karibu karne moja, uliachwa usikatwe kwa agizo la Rais baada ya wanaharakati kupiga kambi ya hoja. Miti mingine mingi ya njia hiyohiyo ilikatwa. Hii ndiyo tabia inayonitia wasiwasi: tumejifunza kuokoa kitu kimoja chenye jina, halafu mradi wenyewe hupita kama ulivyokuwa. Swali la nani atapita juu na nani atabaki chini halikuulizwa katika kampeni yoyote kubwa ninayoikumbuka.

#22 Wakili_Mstaafu

Kigezo cha pili nacho kina mashaka. Ukiwa karibu na mamlaka, mamlaka nayo iko karibu nawe. Tarehe 25 Juni 2025, mwaka mmoja baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, nyaya zenye wembe zilizungushwa kwenye maeneo ya Bunge, na tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, ya kukumbuka maandamano ya kudai vyama vingi, barabara nyingi za kuingia katikati ya jiji zilifungwa na polisi. Jiji lenye njia chache kuu za kuingilia hufungika kwa vizuizi vichache. Wachoraji wa kikoloni walilijua hilo. Kwa hiyo, ndugu Mchora, labda kigezo cha haki ni wingi wa njia: mtandao wa mitaa midogo usioweza kuzibwa wote. Mnaona nimekuwa mchoraji uzeeni.

#23 Kijana_wa_Mukuru

Karibu kazini, Mheshimiwa. Ila mitaa midogo mingi tunayo Mukuru, na tingatinga halikuihitaji.

#24 Mwanafunzi_wa_Ramani

Ahsante, Mzee, kwa #18. Nina swali jingine. Kwenye Freedom Corner kuna mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa Septemba 2015 kwa fedha za serikali ya Uingereza, unaowakumbuka waliotendewa ukatili enzi za ukoloni, na sanamu zake zinaonyesha mpiganaji wa Mau Mau akipokea chakula kutoka kwa mwanamke. Je, si ajabu kwamba kona ya wanawake wasio na silaha sasa inatambulika kwa picha ya mpiganaji wa msituni?

#25 Mkaazi_wa_Kaloleni

Si ajabu. Mau Mau nao waliwahi kususia mabasi ya Nairobi mwaka 1953. Watu hawakugawanyika mafungu mawili, wa bunduki na wa barua; familia moja ilikuwa na wote.

#26 Msomaji_Mzee

Susio lile la mabasi lilikuwa na amri nyuma yake, na aliyepanda basi alijua kitakachompata. Tusiliweke kapu moja na mgomo wa akina mama.

#27 Mkaazi_wa_Kaloleni

Na mfanyakazi wa 1950 aliyevunja mgomo alipigiwa makofi? Shinikizo la jirani lipo katika kila mgomo. Tutabishana hadi kesho. Ninachotaka mwanafunzi aone ni kwamba mnara ule, hata kama umekosea mahali, umefanya jambo moja kiusanifu: watu wana sababu ya kusimama pale, na anayesimama ndiye anayeanza kuuliza. Oktoba 2011 jeneza la Maathai lililetwa kwenye kona hiyohiyo kwa mazishi ya kitaifa, na waliokuwapo hawakuhitaji kuelezwa kwa nini.

#28 Mama_Jeevanjee

Na miaka kumi baadaye, 2021, Uhuru Park ilifungwa kwa ukarabati ikakaa nyuma ya mabati kwa muda mrefu kuliko ilivyoahidiwa. Kizazi kizima cha vijana wa chuo kilimaliza masomo bila kuikanyaga. Hakuna aliyeiuza, hakuna aliyeinyakua, na bado haikuwapo. Ndiyo maana narudia: nafasi ndogo nyingi. Huwezi kuzifunga zote kwa mkataba mmoja wa ukarabati.

#29 MchoraRamani

Hoja ya #28 na ya #22 zinafanana kuliko wenyewe wanavyokiri: wingi wa bustani na wingi wa njia. Nitaiongeza. Lakini bado sijashawishika kwamba utaratibu wa Mukuru unatosha bila umbo, wala kwamba sheria inatosha bila utaratibu. Fundi, wewe ndiye pekee hapa ambaye kwa kazi yake hupeleka michoro kwa mkandarasi. Ukipewa kona moja ya bustani leo, ungebadilisha nini?

#30 Fundi_Mitaro

Ningeshusha uzio uwe kimo cha kiti, ili mtu aukalie, upande wote wa barabara. Ningeweka malango matano badala ya mawili, mojawapo likitazama All Saints moja kwa moja na kivuko kilicho sawa na lami, kisicho na ngazi. Choo kingekuwa karibu na barabara, si mafichoni, na mfereji wa maji nje yake, kwa sababu maji ndiyo yanayohitajika gesi ikirushwa na ndiyo anayohitaji mchuuzi siku ya kawaida. Fedha za kuendesha hayo zitoke kwenye ada za maegesho ya katikati ya jiji, wala si langoni. Na ningeweka taa nyingi.

#31 MtembeaKwaMiguu

Kila kitu nakubali, isipokuwa taa. Penye taa nyingi patawekwa kamera, na anayekesha pale kwa sababu ya mwanawe aliyefungwa atapigwa picha usiku kucha.

#32 Mama_Jeevanjee

Na pasipo na taa hatakesha kabisa, maana mimi nitakuwa nimemwambia asiende.

#33 Fundi_Mitaro

Taa zitabaki, ila ziwe fupi, za kumulika njia na miguu, zisielekezwe kwenye nyuso. Kamera hazipo kwenye mchoro wangu. Atakayezitaka aziombe kwa barua, na barua hiyo ibandikwe langoni watu waisome na kuijibu.